Mguu wa bomba: mambo ya kujua kabla hujafunga rolibaa kwenye MGB

Nimefunga rolibaa za kutosha, ule upinde wa bomba unaokaa nyuma ya viti kukinga vichwa gari likipinduka, lakini nimejifunza zaidi kwa kuzing'oa zile zilizofungwa na wengine. Moja niliyoitoa hivi karibuni ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Bomba zuri, kona zimekunjwa vizuri, rangi haina doa. Nilipoinua zulia nikakuta miguu imefungwa kwenye bati tupu la sakafu, bolti mbili kila upande na washa za kawaida. Nikachukua bisibisi, nikasukuma pembeni ya mguu wa kushoto. Ikapita. Gari lile lingepinduka, miguu ingezama sakafuni kama kisigino kirefu kwenye tope, na dereva angebaki hana kitu juu ya kichwa.

Mteja anaona bomba na analipia bomba. Kazi yako wewe iko chini ya bomba, mahali ambapo yeye hatatazama kamwe.

Nazungumzia MGB kwa sababu ndiyo gari ambalo wengi wenu mtaanzia. Lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, na hapa Nairobi bado yapo ya kutosha. Nenda Ngong Racecourse siku ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, utayaona yamepangwa na wenyewe wanayafuta vumbi kila dakika tano. Lile la wazi halina paa, lina turubai la kukunja tu, kwa hiyo likigeuka kichwa cha dereva ndicho paa. Gari la rali lenye paa linahitaji keji nzima, yaani kizimba cha mabomba ndani ya gari, na hiyo ni kazi nyingine. Usidhani ukijua hii umeijua ile.

MGB halina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Nguvu yake kubwa iko kwenye vizingiti vya milango, vile tunavyoviita sili, na sili ndiko kutu hupenda kulala. Kabla hujapima chochote, fanya hivi: tembeza sumaku juu ya sili yote. Pale inapoteleza bila kushika, kuna filla, ile lipu ya kuziba mashimo ya bati, chini ya rangi. Kisha weka jeki, inua upande mmoja taratibu huku mwenzako anatazama mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya ukibana, au mlango ukikataa kufunguka, gari limeoza na linajikunja katikati. Mwambie mwenye gari ukweli siku hiyo hiyo. Atanuna, pengine atahamia gereji ya jirani. Mwache aende. Rolibaa juu ya sili iliyooza ni pambo, na siku ya ajali jina litakaloulizwa ni la fundi.

Sasa kutoboa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuungua.

Tangi la petroli la MGB limefungwa chini ya sakafu ya buti, karibu kabisa na bati. Ukisimama nyuma ya gari unaona buti tupu, safi, inakualika uweke mguu wa nyuma wa rolibaa popote unapotaka. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kazi, kwenye gereji ya mtu, na fundi mkuu alikuwa ameenda kunywa chai. Nikaweka alama kwa chaki, nikashika drili. Bati la kwanza likapita, nikahisi drili imeruka kidogo kisha ikagusa kitu tena. Nilidhani ni ubavu wa bodi. Harufu ndiyo iliyonizuia. Nilipochungulia chini nikaona mkwaruzo mweupe juu ya tangi na unyevu mwembamba kwenye kiungo cha bomba la petroli nilichokuwa nimekitikisa. Sikupigwa siku ile, lakini nilitamani nipigwe badala ya namna alivyonitazama.

Kwa hiyo tangi linamwagwa petroli na kushushwa kabisa, linawekwa nje ya gereji mbali na moto. Si kufunikwa kwa gunia. Linashushwa. Kisha ingia chini na tochi ufuate kila kitu kwa kidole: bomba la petroli, bomba la breki, waya mnene wa betri, pampu ya petroli iliyo nyuma upande wa kulia. Betri zenyewe ziko nyuma ya viti, chini ya kifuniko kilichofichwa na zulia; magari ya hadi 1974 yana mbili za volti 6, ya baadaye yana moja ya volti 12. Zitoe. Mashine ya kuchomelea na betri iliyounganishwa havikai chumba kimoja. Mimi hutoboa kwanza kitundu cha milimita 3, nikapitisha waya, nikashuka chini kuona umetokea wapi. Unatumia dakika kumi kwa kila mguu, na sijawahi kuzijutia.

Kuhusu bomba lenyewe sina maneno mengi, fuata kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hata kama mteja hatashindana. Chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Upinde mkuu kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mihimili ya nyuma, ile inayoushikilia upinde usilale, 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Bomba la maji hapana. Bomba la geti hapana, hata kama muuza chuma anaapa kwa mama yake. Na ule ujanja wa kujaza mchanga, kuchoma kwa gesi na kukunja kwa goti, uache kwenye vitanda na viti. Bomba hili hukunjwa baridi, kwa mashine, na kona isiwe ya ghafla: nusu kipenyo ya kona iwe angalau mara tatu ya kipenyo cha bomba. Pima kona kwa kalipa. Ikibonyea hadi upana mdogo ukawa chini ya asilimia 90 ya ule mkubwa, tupa, kunja lingine.

Kimo ndicho kitakachowagombanisha na wenye magari. Wanataka rolibaa fupi ili turubai lifunge vizuri na gari lisionekane kama trekta. Chukua mti wa ufagio. Mkalishe mwenye gari kwenye kiti, avae helmeti yake, uweke ncha moja juu ya upinde na nyingine mbele, kwenye bodi chini ya kioo. Usiiweke juu ya fremu ya kioo, maana ile ni ya alumini na haitabeba gari lililogeuka. Helmeti inatakiwa ibaki chini ya mti kwa sentimita 5 hivi. Mteja mrefu mara nyingi hupita juu. Hapo una njia mbili, kushusha kiti au kuinua upinde, na ubishani wote wa sura unaisha mtu akiona kwa macho yake ufagio umelala juu ya kichwa chake.

Kila mguu wa upinde unahitaji pleti ya chuma ya unene wa milimita 3, yenye eneo la sentimita za mraba 120 au zaidi, iliyochomelewa kwenye bodi, na bolti tatu za M8, yaani za unene wa milimita 8, zenye alama ya nguvu 8.8 kichwani. Mihimili ya nyuma: pleti ya sentimita za mraba 60, bolti mbili. Bolti isiyo na alama hujui imetoka wapi. Ukiweza, kunja pleti ipande kidogo kwenye ukuta wa madigadi ya ndani, ili uzito usambae kwenye mabati mawili. Tengeneza kiolezo cha kadibodi kwanza. Kadibodi ni ya bure.

Usichomelee moja kwa moja. Piga doti chache za kushikiza, rudisha viti, funga turubai, kaa, geuza shingo, tazama kioo cha nyuma. Tumia pimamaji na upime mishazari yote miwili ya upinde. Kabla ya kuchomelea jumla, funga kipande cha chuma kati ya miguu miwili, la sivyo joto litaivuta iingie ndani na matundu hayatakutana na bolti.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazee hulipuuza. Ndani ya gari la barabarani hakuna anayevaa helmeti. Bomba la chuma nyuma ya kichwa kitupu, mtu akigongwa kutoka nyuma kwenye foleni ya Mombasa Road, linaweza kumuumiza vibaya hata pasipo kupinduka. Weka sifongo ngumu ya viwango vya FIA, ile unayobonyeza kwa kidole gumba na hairudi haraka. Sifongo laini ya mabomba ya AC ni ya mabomba ya AC. Na mikanda ya mabegani ishuke kidogo tu kuelekea nyuma, nyuzi 10 hivi, kamwe isizidi 45. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti, gari likigonga itambana mtu uti wa mgongo kuelekea chini.

Rolibaa ya kwanza niliyoifunga peke yangu nilifuata haya yote. Pleti safi, bolti zote 8.8, ufagio umepita. Mwenye gari akaondoka Ijumaa jioni akipiga honi. Jumatatu akarudi akivutwa kwa kamba na pikapu. Betri zilikuwa zimeisha, na kifuniko chake kilikuwa kinainuka vidole viwili tu kisha kinagonga mhimili wa nyuma niliouchomelea mwenyewe. Nilichukua grinda, nikaukata, nikaanza upande ule upya kwa gharama yangu.