CPC ya AdSense imeshuka lakini pesa ni ileile: jinsi ya kuisoma

Mkuu uliyeuliza kutoka Ilemela, Mwanza, narudia swali lako kwa kifupi ili wanaoingia sasa wasipotee. Blogu yako inaandika uvuvi na bei za samaki, na ina matangazo ya AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenye blogu. Julai kurasa zilifunguliwa mara 11,400, kliki (mara matangazo yalipobofywa) 96, mapato dola 6.72. Mwisho wa mwezi ukabadilisha muonekano wa blogu, tangazo la juu likakaa chini kidogo ya kitufe cha menyu. Agosti kurasa zikafunguliwa mara 12,100, kliki 171, dola 6.84. Unauliza kwa nini kliki moja imeshuka kutoka senti 7 hadi senti 4, na kama unapunjwa.

Hupunjwi. CPC, yaani mapato kwa kliki moja, unayoiona kwenye ripoti si bei ambayo mtu amekubali kukulipa. Ni jibu la kugawanya: mapato yote ya kipindi hicho gawanya kwa kliki zote. 6.72 kwa 96 ni 0.07, na 6.84 kwa 171 ni 0.04. Ni sawa na mchuuzi wa sato pale Mwaloni, Kirumba, agawanye mauzo ya siku nzima kwa idadi ya watu waliouliza bei. Wakiuliza wengi zaidi huku mauzo yakibaki palepale, jibu litashuka, lakini mfukoni hakuna kilichopungua.

Hali hii ilizidi baada ya AdSense kubadilisha mfumo wa malipo mwanzoni mwa 2024. Zamani mapato mengi yalihesabiwa tangazo linapobofywa. Sasa unalipwa kwa tangazo kuonyeshwa. Mgawo nao unahesabiwa kwa hatua mbili: chombo anachotumia mwenye tangazo kununua nafasi kinakata ada yake kwanza, kisha wewe unapata asilimia 80 ya kinachobaki. Akinunua kupitia Google Ads, ada hiyo kwa wastani ni asilimia 15. Kwa hiyo katika dola 1 aliyotoa zinabaki senti 85, na asilimia 80 ya hizo ni senti 68, kiwango kilekile cha 68 kilichokuwepo zamani.

Hapa wengi huuliza: kama wanalipa kwa kuonyeshwa, kliki ina kazi gani? Inayo, ila kazi hiyo inafanyika kabla hujalipwa. Kila msomaji anapofungua ukurasa unapigwa mnada wa haraka wa nafasi ya tangazo, na tangu mwishoni mwa 2021 mshindi analipa dau alilotaja mwenyewe, si dau la anayemfuata. Mwenye tangazo anaweza kuwa ametaja dau kwa kliki, mathalani senti 10. Mfumo unakadiria kwamba kwenye nafasi ile, kwa msomaji yule, tangazo litabofywa mara 5 kati ya maonyesho 1,000. 10 mara 5 ni senti 50 kwa maonyesho 1,000, na hiyo ndiyo thamani inayopelekwa kushindana na wengine. Kliki halisi, kutoka kwa mtu aliyevutiwa na kitu akaenda kununua, hufanya nafasi zako zipewe thamani kubwa baadaye. Kliki za kidole kuteleza hufanya kinyume chake.

Na hapo ndipo Agosti yako inaponitia wasiwasi. Kufunguliwa kwa kurasa kumeongezeka kwa asilimia 6 tu, kliki zimeongezeka kwa asilimia 78. CTR, yaani kliki kwa kila kurasa 100 zilizofunguliwa, imetoka 0.84 hadi 1.41. Wasomaji wa bei ya dagaa hawakuanza ghafla kupenda matangazo. Tangazo limesogea karibu na menyu, na kwenye simu ndogo mtu anayetafuta menyu anabofya tangazo. Mwenye tangazo anaona watu wanaingia na kutoka papo hapo bila kununua. Google wakilibaini hilo, kwanza watakata mapato ya kliki batili, halafu wanaweza kuweka hatua ya pili ambapo msomaji lazima athibitishe kwamba kweli anataka kulifungua tangazo.

Lirekebishe leo. Shusha tangazo hilo hadi baada ya aya ya kwanza au ya pili ya makala, mbali na menyu, mbali na vitufe vya kushirikisha WhatsApp, mbali na kitufe cha kupakua. Kisha litengee nafasi yake: kama ni la 300 kwa 250, weka kwenye CSS (maelekezo ya muonekano) ya kisanduku chake min-height, yaani kimo cha chini, ya pikseli 250 au zaidi kidogo. Usipofanya hivyo, tangazo huchelewa kupakia, likifika linasukuma maandishi chini, na kidole kilichokuwa kinaelekea kwenye kiungo kinatua kwenye tangazo. Kwa mtandao wa taratibu tulionao ukitoka kidogo nje ya mji, kuchelewa huko ni jambo la kila siku.

Namba ya kuifuata kila wiki ni RPM ya ukurasa, yaani mapato gawanya kwa mara kurasa zilizofunguliwa, mara 1,000. Julai yako ni dola 0.59, Agosti ni 0.57. Umeona? Tofauti ni senti 2 kwa kurasa elfu moja. Hakuna msiba wowote.

Ukishaijua RPM ya jumla, ivunje kwa nchi. Ingia Ripoti, chagua siku 30 au zaidi, gawa kwa nchi. Tuseme katika zile 11,400 za Julai, 300 zilifunguliwa na Watanzania walioko Marekani na Uingereza, na huko RPM ilikuwa dola 4. Hizo 300 zimeleta dola 1.20, karibu moja ya tano ya mapato yote, wakati ni chini ya asilimia 3 ya usomaji. Wakipungua 150 tu mwezi unaofuata, CPC na RPM vyote vitashuka, na makala zako zinaweza kuwa bora kuliko za mwezi uliopita. Sababu ni kwamba wanaoshindania msomaji aliyeko Houston ni wengi na wana bajeti kubwa. Wanaomshindania msomaji wa Buzuruga ni wachache.

Kwa hiyo pia usihukumu mwezi wenye kliki 96. Ni chache mno, matangazo machache ya bei kubwa yanatosha kuupindisha wastani. Mimi singebadilisha chochote kwa sababu ya CPC kabla ya kuwa na kliki mia kadhaa kutoka nchi ileile.

Mada nayo ina uzito, ila si kwa namna inayosimuliwa kwenye magrupu, kwamba andika bima na sheria utajirike. Matangazo mengi humfuata msomaji na mambo aliyoyatafuta siku za nyuma, si makala peke yake. Bado, makala inayosomwa na mtu anayekaribia kununua ina thamani zaidi. Bei ya dagaa ya leo inasomwa sana, lakini aliyeisoma ameshapata alichotaka. Makala ya kulinganisha injini za boti, taa za sola za kuvulia dagaa, nyavu na chakula cha samaki wa vizimba inasomwa na wachache, na nyuma ya kila mmoja wao kuna muuzaji anayemtafuta. Andika zote mbili: ya kwanza ilete watu, na ndani yake weka kiungo cha ya pili. Kujua ipi inaingiza kiasi gani, tengeneza chaneli za URL ndani ya AdSense, yaani hesabu ya peke yake kwa anwani ya kila makala, kwa makala zako kubwa. Hazihitaji msimbo mpya wa tangazo, ila zinaanza kuhesabu siku ulipozitengeneza, hazirudi nyuma.

Msimu usiusahau. Oktoba hadi Desemba makampuni humwaga bajeti, Januari yanafunga mkono. Linganisha Januari na Januari.

Kuna mdau hapo juu amependekeza kundi la WhatsApp la kubofyeana matangazo. Naomba usiingie, na wanaoanza wasiingie. Kubofya matangazo yako mwenyewe, kuwaomba watu wabofye, kubadilishana kliki, kununua wasomaji wa mashine, vyote ni sababu ya akaunti kufungwa, na pesa iliyokatwa hurudishwa kwa wenye matangazo. Kwanza hata hesabu haikubali: kama malipo ni ya kuonyeshwa, kliki 200 za marafiki zitakushushia CPC na kukuharibia nafasi.

Mambo madogo yanayokula mapato kimyakimya: picha za sangara zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, megabaiti 4 kila moja. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,000 hivi na uzito usiozidi kilobaiti 150, kwa sababu msomaji anayeondoka kabla tangazo halijatokea hahesabiwi. Faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya blogu yako, nalo liwepo, likiwa na mstari wa google.com, namba ya akaunti yako inayoanza na pub, DIRECT na f08c47fec0942fa0. Kwenye Blogger unaliwasha ndani ya Mipangilio, sehemu ya uchumaji mapato.

Sasa niseme ninachokiamini zaidi ya vyote. Kwa dola kuwa shilingi 2,500, Agosti yako ni shilingi 17,100. Wasomaji wako ni wavuvi, wachuuzi na wafugaji wa vizimba wa kanda hii, na mnada wa dunia hauwezi kuwapa thamani wanayopewa na duka la nyavu la Kirumba. Mwenye duka akipata faida ya shilingi 20,000 kwa mteja mmoja, wateja wawili kwa mwezi wanatosha akulipe 20,000 bila kulalamika. Nenda na ripoti yako iliyochapishwa: wasomaji wangapi, kutoka wapi. Mpe bango moja, mwezi mmoja, na namba ya simu ya peke yake ili ahesabu waliopiga. Kiungo chake kiwekee rel="sponsored", alama inayoiambia Google kwamba kimelipiwa, na matangazo ya AdSense yaendelee kwenye nafasi nyingine.

Kuhusu kulipwa: ukifika dola 10, PIN ya kuthibitisha anwani yako hutumwa kwa posta na kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4. Andika S.L.P. kamili na Mwanza, si jina la mtaa peke yake. Una miezi 4 ya kuiingiza, ikipita matangazo yanasimama. Malipo hutoka ukifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kwa kasi yako ya sasa hiyo ni karibu miezi 15. Jaza mapema W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio Wamarekani, na jina kwenye akaunti ya malipo lifanane na la benki herufi kwa herufi. Uliza benki makato ya kupokea pesa kutoka nje. Yakiwa makubwa, pandisha mwenyewe kiwango cha malipo hadi dola 200 au 300 ili yakatwe mara chache.

Ukishasogeza lile tangazo, acha wiki 3 bila kugusa kitu kingine, kisha weka hapa RPM ya Tanzania peke yake, ya kabla na ya baada.