Ukianguka vibaya usikubali kukandwa maji ya moto siku hiyohiyo

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, kateleza kwenye ngazi, paja lote limevilia damu na mama mkwe keshachemsha maji ya chumvi anamsubiri amkande, sasa anauliza akubali au akatae. Dada, kataa. Kwa heshima zote, ila kataa.

Mimi nilidondoka kwenye daladala kule Mbagala, konda kashapiga bodi gari liondoke na mguu wangu mmoja bado uko mlangoni, nikapigiza nyonga kwenye lami. Hata pole sikupewa, na konda yule kama anasoma hapa ajue bado sijamsamehe. Nafika nyumbani paja limejaa, gumu, linawaka, nakuta mawifi washaandaa sufuria na taulo. Niligoma! Nikatuma mtoto kwa jirani anayeuza barafu za ukwaju, zile za kwenye kifuko chembamba, nikazifunga na kanga nikaweka dakika 15, natoa, baada ya masaa mawili naweka tena, mguu juu ya mito. Wakanicheka eti najifanya mzungu, mmoja akasema mguu utaoza. Haukuoza, na viatu virefu navaa.

Iko hivi, ukiumia vile mishipa midogo ya damu imepasuka chini ya ngozi na bado inavuja, ukiweka moto inatanuka, ukikanda unaichokoza, uvimbe unazidi. Na msuli wa paja ukichuliwa kwa nguvu mapema mfupa unaweza kuota humohumo ndani ya nyama, sikutishi, inatokea. Kwa hiyo siku 2 au 3 za mwanzo ni barafu tu, tena ndani ya kitambaa, sio kavukavu kwenye ngozi. Maumivu meza panado, aspirini achana nayo maana inazuia damu kuganda. Maji ya vuguvugu yana wakati wake, uvimbe ukishatulia.

Tatizo letu tunapenda tiba ya kuumia, mtu asipopiga kelele tunaona hajakandwa. Badilikeni jamani.

Halafu rangi isikutie presha. Langu lilianza zambarau, likaja kijani, likamalizia njano kama ya manjano ya pilau, na weusi ukashuka mpaka nyuma ya goti ambako sikujigonga kabisa. Mawifi wakasema ugonjwa unatembea, kumbe ni damu inafuata mteremko tu.

Ila kuna vya kukimbilia hospitali usiku huohuo: mguu haukanyagiki kabisa, maumivu yanazidi badala ya kupungua huku paja limekaza na vidole vinakufa ganzi, mkojo una damu, au kichwa kiligonga chini ukaanza kutapika. Na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda nenda hata ukijiona mzima, ukamwambie daktari mapema, usisubiri akuulize.