Uzamivu wa Tiba Bila Kuiaga Wodi

SWALI: Mimi ni daktari bingwa wa watoto katika hospitali ya mkoa nchini Tanzania. Natamani kusoma shahada ya uzamivu, lakini nachelea kuachana na wagonjwa wangu. Nianzie wapi?

JIBU: Daktari, anzia hapo hapo wodini. Uzamili ulikufunza kutibu kwa elimu iliyokwisha kuthibitishwa, ilhali uzamivu unakutaka uongeze elimu ambayo haikuwapo, na swali lake mara nyingi huzaliwa na jambo linalokusumbua kila unapopita vitanda vya wagonjwa. Kwa mfano, Profesa Julie Makani, daktari na mtafiti Mtanzania, alitafiti selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, akiwa Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2004 wagonjwa waliandikishwa na kufuatiliwa kliniki kwa muda mrefu.

Kabla ya kuomba chuo, tafuta msimamizi anayelijua swali lako, kwa sababu, na hili nalisisitiza, jina kubwa la chuo haliwezi kuziba pengo la msimamizi asiye na nafasi ya kusoma rasimu zako. Pendekezo la utafiti likishakamilika, omba vibali vya maadili, kikiwamo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti iandike kwa Kiswahili ambacho mama aliyempakata mtoto mwenye homa atakielewa barabara kabla hajatia dole gumba kwenye wino. Hapo usifanye haraka hata kidogo.

Kazi hii huchukua miaka mitatu au zaidi, hivyo kubaliana mapema na mwajiri wako, kwa maandishi, kuhusu siku za wodi na siku za utafiti.