Mzigo umepotea na mteja anataka hela yake: kwa nyie mnaoanza kuuza mtandaoni

Jamani nyie mnaoanza kuuza vitu mtandaoni, kabla ya mengine yote shikeni hili moja maana ndo linalowachanganya wengi. Mteja hajakubaliana chochote na kampuni ya usafirishaji, amekubaliana na wewe. Hela kakupa wewe, wewe ndo umemlipa msafirishaji na risiti ina jina lako, kwa hiyo mzigo ukipotelea njiani mteja anakudai wewe, na wewe ndo unamdai msafirishaji. Ukilielewa hili ugomvi mwingi unaisha wenyewe, kwa sababu kinachomuumiza mteja kuliko hata mzigo kupotea ni kujibiwa "wapigie wao, mi nishatuma". Na akiwapigia kweli mara nyingi anaambiwa tunaongea na aliyetuma tu, anarudi kwako amewaka zaidi, na ana haki kabisa.

Hata sheria sehemu nyingi imekaa hivyo. Uingereza Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema mfanyabiashara akimuuzia mtu wa kawaida, kitu kinabaki kwenye dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akipate mkononi, na Umoja wa Ulaya waliweka hivyohivyo kwenye sheria yao ya 2011. Inageuka pale tu mteja anapotafuta msafirishaji wake mwenyewe ambaye wewe hukumpa kwenye machaguo yako, hapo ukishakabidhi mzigo dhamana imehama. Kwa hiyo mteja akisema namtuma dereva wangu, sawa, ila usikabidhi kimyakimya. Mwambie aandike kwenye meseji jina la anayekuja na namba ya gari, piga picha wakati wa kukabidhi, mtumie picha hapohapo.

Sasa ushahidi. Kesi za mizigo watu wanazishinda siku ya kufunga boksi, siku ya malalamiko unachofanya ni kutoa tu ulichohifadhi. Piga picha ya kitu chenyewe, serial namba isomeke, piga ndani ya boksi kabla hujafunga, halafu boksi lililofungwa na lebo yake ikionekana vizuri. Ndani weka karatasi nyingine yenye anwani ya mteja na ya kwako, hii watu wanaidharau lakini lebo ya nje ikibanduka mzigo hauna mwenyewe. Posta ya Marekani ina kituo kizima Atlanta kwa ajili ya mizigo ya namna hiyo, Uingereza wana cha kwao Belfast, na kule wanafungua boksi kutafuta anwani, wasipoiona hairudi kwako. Na kama unatumia boksi la zamani bandua lebo zote za mwanzo, mashine inasoma msimbo wowote itakaoukuta.

Kingine ni uzito, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona wengi hawapimi. Nunua mzani mdogo, pima boksi lililofungwa, andika gramu, halafu hakikisha na risiti ya msafirishaji imeandikwa uzito. Tuseme umetuma simu, boksi zima gramu 640, mteja anasema amefungua kakuta karatasi tupu. Usianze kubishana, mwombe picha za boksi pande zote sita pamoja na lebo na solotepu. Solotepu ikiwa imekatwa na juu yake imebandikwa nyingine ya aina tofauti, boksi limefunguliwa na mtu baada yako. Halafu waulize wasafirishaji uzito uliosomwa kwenye vituo vyao, kampuni nyingi zinapima tena mzigo ukipita kwenye mashine ya kuchambulia. Kama ulitoka na 640 na kituo cha mwisho umesoma 420, simu imetolewa njiani na huna haja ya kumshuku mteja hata kidogo, madai yako peleka kwa msafirishaji na hizo namba mbili ukizionyesha. Kama mpaka mwisho umesoma 640 basi swali limehamia pale mlangoni, au baada ya pale. Mimi napenda pia kusaini kwa kalamu ya wino mzito mstari uanzie kwenye boksi upite juu ya solotepu mpaka upande wa pili, ukifunguliwa ule mstari haukai tena sawa.

Namba ya kufuatilia mzigo nayo ijue kuisoma. Kwa mizigo ya posta inayovuka mipaka namba ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka, huo ni mpango wa Umoja wa Posta Duniani. Tarakimu ya tisa inatokana na hesabu ya zile nane za mbele, kwa hiyo ukikosea kunakili tarakimu moja mara nyingi mfumo unaikataa, kabla hujaogopa kwamba mzigo haupo angalia umeandika sawasawa. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS (huduma ya posta ya haraka), C ni kifurushi. Ikianza na U usiitegemee, ni barua ya kawaida yenye msimbo kwa ajili ya forodha na kwa kawaida haifuatiliwi, kuna wauzaji wanampa mteja namba ya U na mteja anakaa wiki nzima anaangalia skrini haibadiliki.

Na lile neno la "lebo imetengenezwa" unaloliona ukifuatilia mzigo, maana yake msafirishaji hajaushika mzigo bado, ni wewe tu umeprinti karatasi. Ukiacha mzigo kaunta bila kuskaniwa ukaondoka, kwenye mfumo haujatuma kitu. Subiri uskaniwe, chukua risiti.

Siku mteja anaandika "mzigo wangu uko wapi" mjibu siku hiyohiyo hata kama huna jibu. Mimi naandika hivi: "Habari dada, pole kwa usumbufu. Nimeangalia, mzigo mara ya mwisho umeonekana kituo cha kuchambulia juzi jioni, toka hapo haujasomwa. Leo nafungua ombi la kuutafuta, nitakuletea majibu Alhamisi hata kama hawajanijibu. Naomba unithibitishie anwani hii hapa chini ni sahihi." Basi. Hapo umempa mambo matatu anayoyataka, uko wapi, unafanya nini, na lini atasikia tena. Halafu Alhamisi ikifika andika kweli, hata kama ni kusema bado. Mteja anayepewa habari anasubiri, anayekaushiwa anaenda kufungua kesi na hapo unakuwa umechelewa.

Ugumu uko kwenye mzigo unaosomeka umefikishwa na mteja anasema hajapata. Wengi wanakimbilia kusema mteja mwongo. Subirini kwanza. Kuna madereva wanaoskani mzigo kama umefika ukiwa bado kwenye gari ili wakamilishe hesabu ya siku, unakuja kufika kesho yake. Kuna unaopokelewa na jirani, mlinzi, mapokezi ya ofisi, kuna unaowekwa nyuma ya nyumba, kuna unaopelekwa nyumba yenye namba hiyohiyo mtaa wa pili. Mwombe mteja aulize hapo alipo na asubiri siku moja au mbili, wewe wakati huo waandikie wasafirishaji wakupe uthibitisho wa kufikisha: picha ya mlangoni kama wanapiga, sahihi na jina la aliyepokea, na mahali GPS ya kifaa cha dereva iliposoma wakati anaskani. Usiombe kwa ujumla, taja hivyo vitu kimoja kimoja la sivyo watakujibu "mfumo unaonyesha umefikishwa" na watafunga ombi lako. Picha ikija mtumie mteja umuulize kwa upole, huu ni mlango wako? Mara nyingi hilo swali linamaliza kila kitu, ama anautambua mlango wa jirani ama anasema huu sio kwangu kabisa na sasa una kitu cha kuwabana nacho wasafirishaji.

Kama unapokea malipo kupitia PayPal (njia ya kulipana mtandaoni) au unauza eBay (soko la mtandaoni), zijue tarehe. PayPal mnunuzi ana siku 180 toka alipe kufungua mgogoro, ukishafunguliwa kuna siku 20 za kuongea wenyewe kabla ya kuupandisha uwe dai, na ukipandishwa unapewa siku chache tu za kujibu, kawaida 10, usipojibu umeshindwa hata kama ushahidi umejaa kwenye simu yako. eBay mnunuzi akifungua ombi una siku 3 za kazi za kumjibu. Kote kuwili mzigo wa dola 750 na kuendelea wanataka sahihi ya mpokeaji, ukituma bila sahihi ile skrini ya "umefikishwa" haikusaidii. Na tuma kwenye anwani iliyo kwenye muamala wenyewe. Mteja akikuandikia baada ya kulipa "naomba badilisha nitumie huku kwingine", mrudishie hela aagize upya na anwani mpya, atakayekasirika kwa hilo mwache akasirike, maana ukituma kwingine umeshajivua ulinzi wote.

Refandi irudi njia ileile iliyoletea hela. Kama alilipa kwa kadi usimrudishie kwa njia nyingine hata akuombe vipi, kwa sababu benki ya kadi haijui kuhusu hayo malipo mengine na anaweza akadai tena kule ukalipa mara mbili. Na usimbembeleze mteja afunge kesi kwanza ndo umrudishie, kwa PayPal kesi ikishafungwa haifunguki tena, kwa hiyo unamwomba aachie kinga yake kwa ahadi yako tu. Rudisha hela, kesi itafungwa.

Kwa msafirishaji nako kuna saa inatembea. Posta za kimataifa ombi la kutafuta mzigo linapokelewa ndani ya miezi sita toka siku inayofuata ulipotuma, Marekani kwa Priority Mail (huduma moja ya posta yao) dai la mzigo uliopotea linafunguliwa kuanzia siku ya 15 mpaka ya 60. Kila kampuni ina zake, zisome siku unayofungua akaunti uziandike mahali. Watakudai uthibitisho wa thamani, yaani risiti uliyonunulia au muamala wa mauzo, na kama kitu kimevunjika watataka kuona boksi na vile ulivyopakia ndani, kwa hiyo mwambie mteja mapema asitupe chochote. Thamani uliyoandika kwenye fomu ya forodha ndo watakayoitazama. Wateja wengine wanakuomba uandike ndogo ili ushuru upungue, usikubali, kwanza ni kudanganya serikali na pili mzigo ukipotea huwezi kudai zaidi ya ulichoandika mwenyewe. Na usimfanye mteja asubiri wewe ulipwe ndo naye alipwe, hayo ni madai mawili tofauti. Ukiona siku zimepita na mzigo hausomeki, mpe achague hela yake au umtumie mwingine, wewe endelea kupambana na kampuni taratibu.

Mzigo mwingine unaibuka baada ya kurudisha hela, hili linatokea kuliko mnavyodhani. Mteja mwaminifu atakuandikia, mshukuru na umpe achague, alipe abaki nao au aurudishe kwa gharama yako, umtumie lebo iliyolipiwa asitoe hata senti. Na kama msafirishaji ameshakulipa fidia waandikie kwamba mzigo umepatikana kabla hawajagundua wenyewe, kwa sababu akaunti yako kwao utaihitaji mzigo mwingine ukipotea.