Walimu wapya wa densi ya jazi, wapeni kioo mgongo

Jumamosi iliyopita niliketi nyuma ya ukumbi mmoja hapa Kondele, Kisumu, soda mkononi, nikiwatazama vijana wangu watatu wakifundisha. Nimewalea mwenyewe hawa. Mmoja alisimama mbele ya kioo, akawapa watoto mgongo, akaanza kuporomosha hatua huku akipiga kelele "tano, sita, saba, nane!" mpaka kuku wa jirani wakahama. Nyuma yake watoto ishirini, macho yote kwenye visigino vyake. Muziki ulikuwa unalia na hakuna aliyeusikia. Nikaona leo lazima niandike.

1. Sakafu. Kumbi zetu ni saruji tupu. Miruko iwe michache, tena baada ya mwili kupata moto. Magoti hayana spea.

2. Isolesheni, yaani kusogeza kiungo kimoja huku mwili mwingine umetulia. Hapa mna mali mmeikalia. Mtoto wa Bungoma, nyanya yake kacheza kamabeka, ile ngoma ya mabega ya Wabukusu, maisha yake yote, nanyi mnamwambia mabega yake mazito! Mwache acheze kamabeka kwanza. Kisha mpunguzie spidi, mwambie kifua kitulie, bega moja kwa hesabu mbili. Umemaliza kazi. Hata Katherine Dunham, mcheza densi Mmarekani mweusi, alikuwa msomi wa anthropolojia; katika miaka ya 1930 alikwenda Haiti, Jamaika na visiwa vingine vya Karibi kutazama watu weusi wanavyocheza, na aliyoyaona akayatia ndani ya mbinu yake ya densi. Najua, waliovushwa bahari utumwani wengi walitoka Afrika Magharibi, si Bungoma, msinishtaki. Lakini bega ni bega. (Na wazazi waelezeni mapema mnafundisha nini. Huku kwetu mzee akisikia "jazz" anakumbuka Shirati Jazz, bendi ya benga, na mimi nimeshaulizwa kwa nini namfundisha binti wa watu benga saa tatu asubuhi.)

3. Hatuna baa, ule mti wa ukutani wa kushikilia mazoezini. Luigi, mwalimu wa densi ya jazi wa Marekani, naye hakuitegemea. Alipata ajali ya gari mwaka 1946, akapooza, na mazoezi aliyojitungia ili asimame tena ndiyo yakawa mbinu yake: unakandamiza hewa kana kwamba baa ipo. Ni bure kabisa, hata Nyalenda hewa ipo.

4. Kioo. Sasa nisikilizeni.

Mwaka 2011 nilikuwa na wasichana kumi na wawili wa shule moja ya upili, tukienda mashindanoni Kakamega. Nilifundisha vilevile kama nyinyi: mimi mbele, wao nyuma, kioo kinatutazama. Walikuwa safi, nikajisifu. Siku yenyewe jukwaani hakuna kioo, basi nikajibanza pembeni mwa pazia nikawachezea kutoka huko ili wanione. Nane ya sita, yaani mara ya sita tukihesabu moja hadi nane, ina pirueti, mzunguko wa mguu mmoja, ya kulia. Kumi na mmoja wakazunguka kushoto. Mmoja, wa mstari wa mbele, akazunguka kulia, akagongana na mwenzake, wote wawili chini. Ukumbi ukacheka kicheko kile cha wanafunzi mnachokijua.

Kwenye basi nilimrarua. Nilianzia Chavakali, na Kiboswa ilipita bado ninaongea. Kwamba ameniaibisha, kwamba hana sikio, kwamba wenzake wameshinda bila chakula cha mchana kwa ajili ya nane ile. Hakujibu neno. Alikuwa anafumua utepe mwekundu kwenye mkono wa vazi lake, uzi mmoja mmoja, akiuzungusha kidoleni. Mazoezini hakurudi tena.

Wiki tatu baadaye mwalimu wao akaniletea video kwenye flashi. Nikaitazama nikiwa nakula. Pale ukingoni mwa pazia yupo mwanamume wa shati la bluu, na kwenye nane ya sita anazunguka kushoto. Nikairudisha mara saba. Ni mimi. Kumi na mmoja walinifuata mimi, na yule mtoto peke yake alicheza densi niliyotunga.

Nilikwenda shuleni kumwomba radhi. Tulisimama nje ya darasa lake, mimi natoka jasho. Nilimuuliza alijuaje kwamba ni kulia wakati wenzake wote wanakwenda kushoto. Akasema, "Nilikuwa nasikiliza tarumbeta, mwalimu." Kisha akaomba ruhusa arudi ndani, kengele ilikuwa imelia. Kwenye densi sikumwona tena.

Kwa hiyo hatua ifundisheni mara mbili, kisha nendeni mkae nyuma yao, mfunge midomo. Wakikosea, waache wakosee na ngoma, wasikosee na wewe. Makofi wapige kwenye pigo la mbili na la nne la muziki mpaka wachoke.

5. Karo kusanyeni kabla ya onyesho. Baada ya onyesho simu ya mzazi huzimika.

Jumamosi hii tunaanza saa mbili kamili. Nitakuja na leso tatu za mama yangu, na kile kioo nitakifunika.