Socrates wa kwenye kompyuta ananikubalia kila kitu. Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninatumia programu ya mazungumzo ya akili mnemba kujadiliana na wanafalsafa wa kale. Maelekezo yangu ni ya mstari mmoja: "Wewe ni Socrates, zungumza nami kuhusu haki." Mwanzo huwa mtamu, lakini tukiendelea anaanza kunisifu, anakubali kila nisemacho, kisha anageuka mhadhiri. Kibaya zaidi, nukuu anazonipa nikizitafuta kitabuni sizioni. Nimejaribu na Kant, mambo ni yale yale. Nimeshauriwa niifundishe modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe, upya kwa vitabu vya mwanafalsafa ninayemtaka. Je, hiyo ndiyo dawa? Na ungekuwa wewe, ungeanza na nani?

JIBU: Usiifundishe upya, ndugu yangu. Utatumia muda na fedha kupata sauti nzuri zaidi ya kusema mambo yale yale yasiyoaminika. Unayoyaona ni matatizo tofauti yaliyokutana mahali pamoja, na kila moja lina chanzo chake.

Nianze na nukuu, maana hizo ndizo zinazoponza watu. Modeli ya lugha haina rafu inakochomoa sentensi za Plato. Inakisia kipande cha neno kinachofuata kwa kuangalia vilivyotangulia, kutokana na maandishi mengi mno iliyofundishiwa. Kifungu kilichorudiwa sana inaweza kukitoa neno kwa neno. Kisichorudiwa, inatunga kitu chenye sauti kama hiyo. Na wingi si ukweli. Watu humnukuu Socrates akisema, "Najua kwamba sijui chochote." Katika Apologia ya Plato, kitabu cha utetezi wa Socrates mahakamani, sehemu ya 21d, anachosema ni chembamba zaidi: asichokijua, hadhani kwamba anakijua. Ile ya kwanza ndiyo iliyojaa mtandaoni, basi ndiyo utakayopewa. Wengine hukimbilia kushusha kipimo cha joto kwenye mipangilio, kile kinachoamua modeli ibahatishe kiasi gani, wakidhani kitaleta usahihi. Kwa tatizo hili hakisaidii: unaiamuru modeli ichague linaloelekea zaidi, na linaloelekea zaidi huenda ndilo kosa maarufu.

Mpe maandishi yenyewe. Euthyphro ni mazungumzo mafupi ya Socrates yaliyoandikwa na Plato, yanaingia yote kwenye dirisha la modeli nyingi za sasa, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukishika kwa wakati mmoja. Yabandike, kisha mwamuru anukuu humo tu na ataje namba ya Stephanus. Namba hizo zinatokana na chapa ya Plato aliyoitoa Henri Estienne (kwa Kilatini, Stephanus) mwaka 1578, na huchapishwa pembezoni mwa tafsiri nyingi, hivyo huna haja ya kuwa na kitabu kilekile. Kwa Uhakiki wa Akili Safi wa Kant, dai namba za A, yaani chapa ya 1781, au B, ya 1787. Namba nayo inaweza kutungwa, najua, lakini ya kutungwa unaikamata mara tu unapofungua ukurasa.

Kant ana mtego wa ziada. Kitabu hicho ni kirefu, kwa hiyo watu hutumia mfumo unaokikata vipande, ukatafuta vinavyohusiana na swali, ukampa modeli hivyo tu. Sasa, kwenye sehemu ya antinomia Kant anaweka hoja mbili zinazopingana ana kwa ana: moja inathibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo katika wakati, nyingine kwamba hauna. Zote mbili amezijenga kwa nguvu zote, ili aonyeshe jinsi akili inavyojikwaa ikivuka mipaka yake. Mfumo ukichomoa kipande kimoja bila jirani yake, utakuwa na Kant anayeapa kwamba ulimwengu ulianza siku fulani, na nukuu itakuwa sahihi kabisa! Hili nimeliona mara nyingi kuliko nukuu za uongo, na ni gumu zaidi kuligundua. Kata kwa sura nzima, si kwa idadi ya maneno, na kila kipande kibebe kichwa cha sehemu kilikotoka.

Kuhusu kukubali kila kitu: hiyo ni tabia iliyofunzwa. Baada ya hatua ya kwanza ya mafunzo, modeli hunolewa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapenda zaidi, na watu tunapenda kuambiwa tuko sahihi. Jina la Socrates ni vazi tu juu ya msaidizi aliyefunzwa kuridhisha. Kumwambia "kuwa mkali" hakutoshi, maana sifa si kitendo. Mwandikie vitendo: aulize swali moja kwa zamu, asizidi sentensi tatu, adai fasili kabla ya mfano, atafute kisa kinachoivunja fasili hiyo, asisifu, asikubali hoja bila kutaja ni dai gani lake limeanguka. Halafu mwekee mifano miwili mitatu ya kubadilishana maneno kutoka Euthyphro yenyewe. Mfano mmoja wa namna hiyo unafanya kazi kuliko aya nzima ya sifa. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: usiseme hoja ni yako. Andika, "Kuna mtu anadai kwamba haki ni kuwasaidia rafiki na kuwadhuru maadui." Akishakosa mtu wa kumfurahisha, atabisha.

Ila huo uhadhiri usiulaumu wote kwa mashine. Socrates hakuandika kitu. Tunaye wa Plato, wa Xenophon, mwandishi mwingine wa zama zake, na yule wa kuchekesha aliyewekwa jukwaani na mtunzi wa tamthilia Aristophanes mwaka 423 kabla ya Kristo. Hata wa Plato si mmoja: katika Euthyphro na mazungumzo mengine yaitwayo Laches anauliza mpaka watu wanaachana bila jibu, lakini katika kitabu cha Jamhuri anahutubia kurasa kwa kurasa. Usipotaja unamtaka yupi, unapewa mchanganyiko wao.

Mazungumzo kuharibika kadiri yanavyorefuka kuna sababu rahisi. Kila jibu lililopita linakuwa sehemu ya maandishi ambayo modeli inayafuata, kwa hiyo akilegea mara moja, ulegevu huo unakuwa mfano wa zamu inayofuata. Modeli nyingi pia hukata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, hivyo dirisha lako linajaa mapema. Funga, anza upya na maelekezo yaleyale pamoja na muhtasari mfupi ulioandika wewe.

Na lile la kufundisha upya? Mwaka 2022 Eric Schwitzgebel, Anna Strasser na Matthew Crosby waliifundisha GPT-3, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI, kwa maandishi ya mwanafalsafa Mmarekani Daniel Dennett, kwa ridhaa yake. Wabobezi wa kazi zake waliwekewa majibu matano kwa kila swali, moja la Dennett na manne ya mashine. Walipatia takriban nusu ya maswali, ilhali kubahatisha tu kungewapa moja ya tano. Wengi husoma matokeo hayo kama ushindi wa mashine. Mimi naona jambo jingine: jaribio liliwezekana kwa sababu Dennett alikuwa hai na aliyajibu maswali yaleyale. Kwa Kant hakuna wa kumuuliza. Kadiri sauti inavyofanana naye, ndivyo utakavyoacha kukagua.

Wa kuanza naye? Ningeanza na Elisabeth wa Bohemia, binti wa kifalme aliyekuwa mwanafalsafa. Mwaka 1643 alimwandikia mwanafalsafa Mfaransa Descartes akimbana: kama nafsi ni kitu kinachofikiri tu, kisicho mwili, inausukumaje mwili? Barua za pande zote mbili zipo, na ni fupi. Mpe modeli barua za Elisabeth, ichukue nafasi yake, wewe kaa kiti cha Descartes ujitetee. Kazi ya mhusika huyo ni kubana, si kufundisha, kwa hiyo akiyumba madhara ni madogo. Ukimaliza zamu yako, fungua jibu la Descartes mwenyewe ulinganishe na lako.