Mangi hauzi sukari tu: namjibu anayesema anatunyonya

Mkuu, umeuliza Mangi, yaani Mchaga mwenye duka la mtaani, ana faida gani zaidi ya kutuuzia vitu kwa bei kubwa kuliko supamaketi. Nimeuza kwenye duka la shemeji yangu, Mchaga wa Rombo, kule Mbagala kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakujibu kutoka upande wa ndani wa nondo za dirisha la duka.

Bei ni kweli. Mafuta ya kupimiwa ukiyapigia hesabu mpaka yafike lita, umemzidi aliyenunua dumu. Ila mwenye kibarua cha siku hatafuti lita, anatafuta mafuta ya leo na sukari robo, na supamaketi haimpimii. Shoprite waliondoka nchini 2014, Uchumi wakafunga 2015, kila mmoja na matatizo yake. Mangi bado anafungua alfajiri.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Letu lilikuwa kaunta buku lenye jalada gumu, kila ukurasa na mtu wake: Mama Zuwena, Fundi Bati, Mpangaji Chumba cha Nyuma. Hakuna riba, hakuna dhamana. Kabla ya kumwandikia mtu unajua anafanya kazi wapi, mshahara unatoka lini na mwezi uliopita alilipaje. Aliyekwama haji mwenyewe, anatuma mtoto: "Mama kasema umpe unga kilo, atakuja kulipa." Unapima, unaandika, mtoto anaondoka, na wateja waliosimama pale hawasikii neno. Unajua nani kaacha maziwa, nani siku hizi anachukua kipande cha sabuni badala ya mche. Njaa ya nyumba fulani unaijua kabla ya mjumbe, na unanyamaza. (Mdaiwa sugu naye unamtambua mapema: anaanza kupita njia ya nyuma.)

Mengine unayajua: funguo za wapangaji, wageni wanaoulizia nyumba, umeme wa Luku saa nne usiku, kutoa na kuweka pesa. Ukitokea msiba, sukari na majani ya chai yanatoka dukani kwanza, hesabu inafuata kamati ikishakusanya michango. Usione ni sadaka. Ukilisha msiba leo, mtaa mzima unanunua kwako, na shemeji alilijua hilo vizuri.

Nchi hii ilishajaribu kuishi bila mwenye duka. Mwaka 1976, kwenye Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ujamaa yashike nafasi. Haikudumu. Duka la kijiji lilikuwa na ufunguo na kamati, ila hakuna aliyeumia lisipokuwa na chumvi.

Kama bado unabisha, subiri Desemba. Mabasi ya Moshi yakishajaa kina Mangi wanaorudi kwao kwa sikukuu, utazunguka mitaa mitatu ukitafuta kiberiti.

Ila la kurudishiwa chenji ya pipi, hapo niko na wewe kabisa.